Antena ya dola 24 na zile sekunde 13

Kila anayeingia kwangu huuliza ile karatasi nyeusi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha ni ya nini. Ni antena. Niliinunua Desemba 2021 kwa dola 24, na tangu siku hiyo sijatoa hata senti kutazama mechi za Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu wa Buffalo. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa kazini, nimeulizwa kwenye foleni ya duka la vyakula vya kwetu pale Grant Street. Basi naandika mara moja kwa wote, hasa kwa sisi wa West Side tuliotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Tanzania, ambao kodi ya nyumba na gesi ya kupashia joto humaliza mshahara kabla hujafikiria kulipia kebo.

Umbo lake ni rahisi. Ni plastiki nyembamba, ukubwa wa sinia la chai, nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, hivyo unachagua upande unaopendeza kwenye ukuta wako. Inatoka na waya mrefu wa kufika nyuma ya TV, na katikati ya waya kuna kidude cha kukuza mawimbi, kama kiberiti hivi, ambacho kinataka umeme kidogo. Hakuna kisimbuzi, hakuna kadi, hakuna kifurushi kinachokatika tarehe 20. Unachomeka, unaingia kwenye mipangilio ya TV, unachagua antena badala ya kebo, unaiacha itafute chaneli. Dakika 5 umemaliza.

Boksi limeandikwa kwamba inashika hadi maili 150. Huo ni uongo, na umenikera. Mawimbi ya TV huenda yamenyooka na dunia imepinda; antena ya kubandika dirishani haiwezi kuuona mnara ulio mbali kiasi hicho hata uiombee. Mtu wa kijijini huko milimani atatoa dola zake 24 kwa kuamini maandishi hayo, aambulie kioo cheusi. Hapo nimewakata nyota moja.

Hapa mjini lakini hatuhitaji maili 150. Tunachohitaji ni kujua minara iko wapi. Chaneli 2 na chaneli 4 zinarushwa kutoka vilimani kusini mwa mji. Mnara wa 4 uko Colden. Chaneli 29 iko upande mwingine kabisa, kaskazini, kisiwani Grand Island. Wiki ya kwanza niliibandika dirisha la mbele, 29 ikaingia safi kama maji ya chemchemi, na 4 ikawa inapasuka vipande: uso wa mtangazaji unabaki nusu, sauti inakatika, kisha picha inaganda. Na 4 ndiyo ya mtandao wa CBS, yenye mechi nyingi za Bills. Jumamosi moja nikazunguka nayo nyumba nzima, mwanangu, mwenye miaka minane wakati huo, kashika rimoti anasoma vijistari vya nguvu ya mawimbi. Juu ya kabati, hapana. Nyuma ya TV, hapana kabisa. Dirisha la pembeni linalotazama kusini, pembe ya juu kushoto, akapiga kelele, "Hapo! Baba, hapo hapo, usitoe mkono!" Nikaifunga kwa utepe mkono ukiwa bado umeganda na baridi ya kioo. Haijaondoka hapo hadi leo. 2, 4, 7, 17 na 29 zote zinaingia, na usiku mwingine hewa ikiwa nzuri tunapata chaneli mbili tatu za Kanada kutoka ng'ambo ya ziwa. Jambo moja: kama dirisha lako lina wavu wa chuma wa mbu, usiibandike hapo. Chuma hula mawimbi.

Kutega antena nilifundishwa na marehemu baba. Kambini Nyarugusu, Tanzania, tulikuwa na redio moja ya betri, na baba alivuta waya wa shaba kutoka kwenye redio, ukapita juu ya turubai, ukaenda kufungwa kwenye mti. Jioni ikifika saa ya BBC, mmoja wetu anasimama nje kushika waya, na baba anaongoza kutoka ndani: "Inua. Shusha. Bakia hapo." Aliyeshika waya ndiye hakusikia habari vizuri, lakini ndiye aliyeheshimiwa jioni ile. Nilipokuwa nimesimama kwenye baridi ya Buffalo nimeinua karatasi ya plastiki juu ya kichwa, mwanangu akiniongoza, nilimkumbuka mzee wangu hadi koo likanikaba.

Sasa niseme sifa kubwa ya antena hii, ambayo haikuandikwa popote kwenye boksi. Inakupa mechi kabla ya watu wengine.

Nyumba yetu ni zile za mbao za Buffalo, familia moja chini, nyingine juu. Juu anakaa kaka mmoja wa Uvira na mkewe na wanawe wanne. Wao hutazama mpira kwa intaneti. Picha ya intaneti hupita kwenye mitambo mingi, inakatwakatwa, inawekwa akiba kidogo ili isikwame, ndipo ifike. Picha ya antena inatoka mnarani, inafika dirishani, basi. Tofauti ya chini na juu kwetu ni kama nusu dakika. Tuliligundua Januari 15, 2022, usiku Bills walipowachapa New England Patriots 47 kwa 17. Kila Josh Allen, mrushaji mkuu wa Bills, alipoushika mpira ikawa tachidauni, yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja kwa pointi sita, mara saba, na kila mara sisi tulishangilia kwanza, halafu tukanyamaza tusikilize, na dari ikaanza kutetemeka kwa miguu ya watoto wa juu. Mwanangu alicheka usiku mzima. Alikuwa anahesabu kwa vidole hadi kishindo kianze.

Wiki iliyofuata, Jumapili Januari 23, Bills walikwenda Kansas City, uwanja wa Arrowhead, hatua ya mtoano. Ukishindwa, msimu umekwisha. Mechi ilianza saa 12 na nusu jioni. Theluji kubwa ya wiki ile ilikuwa imerundikana hadi usawa wa ngazi zetu. Mke wangu alikaanga mandazi na mabawa ya kuku, nusu tukapeleka juu, nusu tukabaki nayo. Antena haikukwama hata mara moja kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Kwa upande wa bidhaa sina cha kulalamikia usiku ule. Nilichokiona kupitia bidhaa hiyo ndicho ninachotaka kuwasimulia, kwa sababu ukinunua antena hii, siku moja yatakukuta.

Zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 54, Bills walikuwa nyuma, 26 kwa 21, jaribio la nne na la mwisho, yadi 13 za kutafuta ili wabaki na mpira. Ukikosa hapo umekwisha. Allen akamtupia Gabriel Davis, tachidauni. Wakaongeza pointi mbili kwa Stefon Diggs, 29 kwa 26. Kishindo chetu, kisha kishindo cha juu. Hatujakaa, Tyreek Hill wa Kansas City akaupokea mpira na kukimbia hadi mwisho, yadi 64, akimwonyesha mlinzi vidole viwili vya kwaheri. 33 kwa 29. Imebaki dakika 1 na sekunde 2. Allen akarudi tena. Akashuka uwanja mzima, akampata Davis tena, mara ya nne usiku ule, na hakuna mchezaji aliyewahi kupokea tachidauni nne katika mechi moja ya mtoano wa ligi hiyo. 36 kwa 33. Saa ikasimama kwenye sekunde 13.

Mimi ni mtu mzima, nimevuka Ziwa Tanganyika usiku nikiwa mtoto, si mtu wa kulia ovyo. Nilimnyanyua mwanangu juu, na nililia kwa furaha.

Halafu ukaja mkwaju wa kuanzisha. Tyler Bass, mpigaji wa Bills, akaupiga mbali kabisa, ukapita mwisho wa uwanja. Mwanangu akageuka kuniangalia. "Baba, kwa nini wamepiga mbali?" Alikuwa ameona haraka kuliko mimi. Katika mpira huu, saa haitembei hadi mpokeaji auguse mpira uwanjani. Ukiupiga mfupi ukadundadunda chini, lazima mtu auokote, akimbie, aangushwe, na hapo sekunde tatu nne zimeliwa. Ukiupiga ukatoka nje kule nyuma, kwa kanuni ya wakati ule Kansas City wanauanza kwenye yadi ya 25 na sekunde zote 13 ziko mkononi mwao. Sikumjibu. Dari ndiyo kwanza ilikuwa inatulia, wale wa juu walikuwa wamemaliza kuruka kwa ajili ya tachidauni ya Davis, wanaimba.

Patrick Mahomes, mrushaji mkuu wa Kansas City, akamtupia Hill, yadi 19, sekunde 5 zimeondoka. Wakasimamisha saa. Walinzi wa Bills walikuwa wamerudi nyuma mbali, kama watu wanaolinda mlango huku dirisha liko wazi. Mahomes akamtupia Travis Kelce katikati, yadi 25, wakasimamisha saa tena. Sekunde 3. Juu bado wanaimba. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nikisikia kwa masikio yangu furaha ya watu ambao Kelce wao alikuwa bado hajaupokea mpira.

Nilibaki na tumaini moja. Harrison Butker, mpigaji wa Kansas City, alikuwa ameshakosa mara mbili usiku ule. Yadi 49. Akaupiga, ukapita katikati ya nguzo. 36 kwa 36.

Wimbo wa juu ulikatika katikati ya neno.

Mwanangu akashika kitasa cha mlango. Alitaka apande akawaambie. Katika muda wa nyongeza walirusha sarafu, Allen akataja upande wake, sarafu ikaanguka upande mwingine. Kwa kanuni ya wakati ule, timu inayoanza ikifunga tachidauni, mechi imekwisha, ya pili haipewi hata nafasi. Kansas City wakaanza. Yadi baada ya yadi. Mahomes akamtupia Kelce kwenye kona, 42 kwa 36, basi. Allen alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia yake ngumu ya mchezo miguuni. Hakuugusa mpira tena. Mwanangu akasema, "Niende niwaambie wamefungwa." Nikamshika bega. "Waache, mwanangu. Waachie hizo walizo nazo." Tukasimama mlangoni wawili, hatupumui, tunasikiliza. Juu mtoto mmoja alikuwa anapiga makofi ya kuwatia moyo walinzi, pa, pa, pa, kama wanavyofanya uwanjani. Kisha makofi yakaacha. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia kiti kimoja kikivutwa polepole, na mlango wa chumbani ukafungwa.

Asubuhi yake kazini hakuna aliyezungumza. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi ya kufua mashuka, mzaliwa wa Buffalo, alipakia mikokoteni miwili kimya kabisa, ndipo akaniambia kwamba mwaka 1991 alikuwa sebuleni kwa baba yake wakati Scott Norwood, mpigaji wa Bills, alipoupiga mpira wa yadi 47 sekunde 8 za mwisho za fainali, ukapita kulia, wakafungwa na New York Giants 20 kwa 19. Baba yake alizima TV, akatoka nje kusukuma theluji usiku. Bills walikwenda fainali nyingine tatu mfululizo na kushindwa zote. Mzee aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetaja ndugu waliokufa, na alipomaliza alinishika mkono. Miaka yangu yote hapa, siku hiyo ndiyo nilijiona ni mtu wa mji huu.

Na haki ya wenzetu niiseme. Siku zile zile mashabiki wa Kansas City walianza kuchangia hospitali ya watoto ya Oishei hapa Buffalo, dola 13 kila mmoja, kwa ajili ya zile sekunde 13. Mwanangu amelazwa pale kwa pumu mara mbili. Sijui kama kuna aliyewaambia watu hao kwamba kuna mtoto wa Kikongo aliyewalilia usiku mzima na anapumua kwa mashine za hospitali waliyoichangia. Machi ya mwaka huo ligi ikabadili kanuni: kwenye mtoano, kila timu lazima ipate nafasi yake katika muda wa nyongeza. Mwanangu aliposikia alisema, "Wameisahihisha baada ya sisi kuumia." Ndivyo ilivyo.

Nirudi kwenye antena, maana najua mtaniuliza. Mechi za usiku za Jumatatu au zile zinazouzwa kwa intaneti, je? Zikiwahusu Bills, ligi inataka zionyeshwe pia bure kwenye chaneli ya kawaida ya mji wa timu, kwa hiyo hapa Buffalo utazipata. Za timu nyingine hutazipata. Theluji haiisumbui, hata ikifunika kioo. Upepo mkali wa kutoka ziwani ndio unaweza kuipasua picha kidogo, kwetu nadhani kwa sababu ya mti wa jirani. Kila baada ya miezi michache fanya utafutaji wa chaneli upya, zingine huhama. Kile kidude cha kukuza mawimbi, kama unakaa karibu na mnara, jaribu kwanza bila hicho. Mara nyingine kikizidisha nguvu kinaharibu. Duka nililonunulia walinipa waya mfupi kuliko ulioandikwa na walikataa kunibadilishia, nikaongeza waya mwingine wa dola 6. Pimeni kabla ya kutoka dukani. Nyota 4.

Kaka wa juu alishuka Septemba ile, kabla ya msimu mpya kuanza. Hakukaa hata kitini. "Ndugu yangu, ile yako uliinunua wapi?" Nikamwambia, hapo juu kuna watoto, kuna raha ya kuchelewa kujua. Akatikisa kichwa. Akasema usiku ule waliimba wakati mambo yalikuwa yameshaharibika, na tangu hapo kila wakishangilia anajiuliza kama sisi huku chini tumeshanyamaza. Nikapanda naye na utepe wangu. Dirisha lilelile la kusini, pembe ileile, mwanawe mkubwa kashika rimoti.

Januari 21, 2024, Kansas City walikuja hapa kwetu, Orchard Park. Imebaki chini ya dakika 2, Bills nyuma 27 kwa 24, Bass anapiga yadi 44 za kusawazisha. Mpira ukaondoka vizuri, halafu ukaanza kuvutwa na upepo, ukapita kulia kwa nguzo. Sauti yangu na sauti ya kaka wa juu zilitoka pamoja, neno moja, "Jamani!" Baada ya kitambo nikasikia hatua zikishuka ngazini. Alikuja na sufuria ya chai ya tangawizi, imefunikwa kwa taulo. Mke wangu akatoa vikombe.